Sodiamu ya Magadi na kioo cha simu yangu

Wasee, jana simu iliniponyoka pale Kondele nikishuka kwa boda. Nikaiokota nikiwa nimefumba jicho moja. Kioo kizima! Alama ndogo tu kwenye kona.

Hiyo si bahati tu, ni historia. Kioo kinaanza na mchanga, na sodiamu ndiyo inafanya uyeyuke kwa moto mdogo. Sodiamu yetu iko Ziwa Magadi. Kampuni ya kuichimba ilianzishwa 1911. Shuleni tuliikariri kama bidhaa ya kuuza nje, tukafunga kitabu. Hakuna aliyetuambia inaenda kufanya nini.

Shida ya kioo ni mikwaruzo midogo isiyoonekana. Ukikipinda, mkwaruzo unafunguka na kioo kinapasuka. Basi 1962 kampuni ya Corning, Marekani, ikatangaza kioo kiitwacho Chemcor. Kinazamishwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, joto kama digrii 400. Sodiamu ya juu juu inatoka, potasiamu inachukua nafasi yake. Lakini potasiamu ni kubwa kuliko sodiamu, kwa hivyo zinabanana kama watu watano kwenye kiti cha matatu cha wanne. Mbano huo ndio unaziba mikwaruzo. Wateja walikuwa wachache, Corning ikaweka kazi kando miaka mingi, hadi iPhone ya 2007 ilipohitaji kioo kigumu.

Kinachoniuma ni hiki: magadi tunauza kwa tani, kioo cha simu tunaagiza kimoja kimoja.

Na ile kona, fundi amesema itapasuka tu.