Shaba Inayokunjika

Fundi aliyefungua simu yangu ana meza upenuni mwa duka la nguo, hatua chache kutoka Soko Kuu la Tabora. Aliinua kioo kwa ukucha, akachomoa utepe wa rangi ya kahawia usiozidi upana wa kidole, akauelekeza kwenye taa. "Unauona huu mstari, dada? Hapa shaba imekatika. Simu yako nzima kabisa, ila kioo hakipati habari."

Mafundi wetu huuita utepe ule fleksi. Ndio uliokuwa umenifungia sauti ya bibi yangu. Nilimrekodi Krismasi ya mwaka juzi, uani kwake upande wa Uyui, karibu saa nzima, akieleza watu wetu walikotoka. Sikunakili popote. Masika yaliyofuata bibi akafariki, na miezi michache baadaye kioo cha simu kikazima. Simu ikawa inaita, inatetemeka, lakini bila kioo sikuweza kuweka namba ya siri. Fundi aliniambia fleksi mpya itatoka Dar es Salaam, nisubiri siku tatu.

Siku hizo tatu nilizitumia kusoma habari za shaba. Sababu ilikuwa mkononi mwangu. Bibi aliniachia bangili moja ambayo sisi Wanyamwezi tunaiita sambo. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni uzi mnene wa dhahabu iliyochakaa. Ukiikaribia unaona ni waya wa shaba, mwembamba kuliko uzi wa kushonea viatu, umezungushwa mamia ya mara juu ya kiini cha singa za mnyama. Ikunje, itakunjika. Iachie, itanyooka. Zamani wanawake walivaa nyingi kwa pamoja, mpaka kifundo cha mguu kikapotea.

Nilipoiweka sambo kando ya ile fleksi mbovu nilicheka peke yangu. Vyote viwili ni shaba nyembamba iliyolazwa juu ya kitu kinachokunjika. Tofauti ni jinsi shaba ilivyofika pale juu.

Nianze na sambo. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliikuta ikiitwa Kaze, na wafanyabiashara Waarabu walikuwa wamekwisha kujenga matembe yao. Kutoka pwani zilikuja nguo za merikani na kaniki, ushanga, bunduki, na waya. Waya mnene wa shaba ya manjano, uliokunjwa mikungu mikungu, uliitwa masango. Stanley alipokuwa akifunga mizigo yake mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alinunua frasila 10 za waya, yaani ratili 350. Alieleza kwamba unene wake ulikaribia ule wa waya za telegrafu, na kwamba ng'ambo ya Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu, wakati ushanga ulikuwa kama sarafu ndogo. Mizigo hiyo ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kule Kwihara, nje kidogo ya mji, tembe walilokaa Livingstone na Stanley bado lipo na ni makumbusho.

Lakini waya haukutoka mashariki peke yake. Magharibi kabisa, ng'ambo ya ziwa, kulikuwa na Katanga, ambako watu walikuwa wakiyeyusha shaba tangu karne nyingi kabla ya mfanyabiashara yeyote wa pwani kuisikia. Waliimimina katika vinu vyenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa mali ya kubadilishana. Wanyamwezi waliifuata shaba hiyo. Mmoja wao aliitwa Kalasa. Mwanawe, Ngelengwa, alikwenda Katanga katikati ya karne, akakaa, akapata bunduki na wafuasi, akajenga mji wa Bunkeya. Ulimwengu unamjua kwa jina la Msiri. Watu wake waliitwa Bayeke, na wahunzi wao walijulikana kwa kuvuta waya.

Kuvuta waya ni kazi ya subira. Unafua kijiti cha shaba mpaka kiwe chembamba, unapitisha ncha yake katika tundu la kipande cha chuma, watu wanaivuta upande wa pili. Kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi. Kila shaba inapokaza na kukataa, unairudisha motoni ilainike. Ukiharakisha, inakatika. Mwisho unabaki na uzi mwekundu unaoweza kuuzungusha kwenye singa kama unavyozungusha uzi kwenye kibiringo.

Shaba ya fleksi haikuvutwa hivyo. Waliosoma kemia kidato cha tatu wanakumbuka jaribio la mrututu: bilauri ya maji ya buluu, vipande viwili vya shaba, betri. Umeme ukipita, kipande kimoja kinaliwa taratibu na kingine kinanenepa. Chembe za shaba zinasafiri majini na kutulia upande wa hasi. Michael Faraday aliweka hesabu ya jambo hilo miaka ya 1830: kiasi cha shaba kinachotulia hufuata kiasi cha umeme uliopita. Ampia moja kwa saa moja hulaza takriban gramu 1.19 za shaba, iwe London au maabara ya sekondari yoyote Tabora.

Kiwanda cha fleksi ni jaribio hilo lililonyooshwa. Badala ya kipande kimoja, kuna gombo la plastiki ya kahawia isiyoogopa joto, la mamia ya mita. Linafunguliwa upande mmoja na kuviringishwa upande mwingine, na katikati linapita birika baada ya birika la mrututu na tindikali bila kusimama. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo kwanza hupewa ngozi nyembamba mno ya metali. Umeme unaingia kupitia roda zinazoigusa ngozi hiyo, na shaba inatulia juu yake.

Hapo ndipo kuna ugumu. Ngozi ya kwanza ni nyembamba kiasi kwamba ukiipa umeme mwingi kwa pupa, inaungua. Basi birika za mwanzo hupewa umeme mdogo, na kadiri shaba inavyonenepa ndivyo unavyoongezwa. Nilipiga hesabu ya Faraday kwenye daftari. Kwa ampia 2 kwa kila desimita ya mraba, shaba hunenepa mikroni 0.44 hivi kwa dakika. Ukitaka mikroni 12, ambayo ni sehemu ndogo tu ya unene wa unywele, unahitaji dakika 27. Gombo likitembea mita moja kwa dakika, lazima lipite mita 27 za birika. Na hapa pia, shaba iliyolazwa kwa haraka huwa na chembe mbaya. Inang'aa vizuri, halafu inapasuka siku unapoikunja. Kwa sehemu zitakazokunjwa maelfu ya mara, viwanda vingi bado huchagua shaba iliyokandamizwa na kulainishwa kwa moto, yaani njia inayofanana na ya wahunzi wa Bunkeya kuliko ya Faraday.

Na sababu ya kukunjika ni ileile kwenye fleksi na kwenye sambo. Ukikunja kitu, upande wa nje unavutwa na wa ndani unabanwa. Kadiri kitu kilivyo chembamba ndivyo mvuto huo unavyopungua. Fimbo ya shaba ukiipinda mara kadhaa inavunjika. Shaba hiyohiyo ukiifanya uzi au ngozi, ukaipa kitu laini cha kuishika, itakufuata popote.

Nilifurahia sana ugunduzi wangu. Nilianza hata kuandika sentensi za kujisifu, kwamba babu zetu walitangulia. Baba mkubwa angezipenda. Yeye ndiye mwenye historia ya ukoo, na historia yake ni fupi: babu wa babu alikuwa mpagazi hodari, alikwenda Katanga kwa miguu, akarudi na sambo za kumvisha mkewe. Kila harusi anaisimulia.

Ila ukiisoma habari ya Bunkeya huwezi kuishia kwenye waya. Bunduki na baruti za Msiri zililipwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Misafara iliyobeba misalaba ya shaba na chumvi ilibeba pia mateka, wakaenda magharibi kuelekea Bihe na mashariki kuja huku kwetu. Tabora ya wakati ule ilikuwa na watumwa wengi, wa Waarabu na wa Wanyamwezi pia. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson, Mbelgiji wa msafara wa Stairs, na Katanga ikaingia mikononi mwa Mfalme Leopold. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière iliundwa, na mwaka 1911 tanuru lake la kwanza lilianza kutoa shaba karibu na Lubumbashi. Mivunjo ya wahunzi haikuwa na nafasi tena.

Hata Tabora shaba ilibadilika sura. Reli ilifika mwaka 1912. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na vita na kukosa fedha, walipiga sarafu za heller 5 na 20 hapahapa mjini, baadhi za shaba nyekundu na nyingine za shaba ya manjano iliyotokana na maganda ya risasi. Zina herufi T, ya Tabora. Septemba mwaka huohuo mji ukatekwa na jeshi la Wabelgiji, watu walewale waliokuwa wameshika Katanga. Leo shaba ya Katanga hupita Tunduma kwa malori kwenda bandari ya Dar es Salaam, inavuka bahari, na baadhi ya shaba ya dunia hurudi kwetu ikiwa mikroni 12 ndani ya simu.

Siku ya tatu fleksi ilifika. Fundi aliibandika, akabonyeza, kioo kikawaka. Alinipa simu bila maneno, akaendelea na ya mteja mwingine. Nilikaa kwenye benchi lake, nikaweka spika ya sikioni.

Kwanza ni kuku. Halafu bibi anacheka, ananiuliza kama kitu kinashika. Dakika ya 31 ninamuuliza kuhusu sambo, na ninaisikia sauti yangu ikimtangulia jibu: "Zile alizoleta babu kutoka Katanga?"

Bibi ananyamaza kidogo. "Hakuzileta babu. Zilikuwa miguuni mwa bibi yangu siku alipoletwa."

"Aliletwa na nani?"

"Na msafara. Alikuwa msichana mdogo. Lugha ya kwao alikuwa akiizungumza usingizini tu. Watu wa hapa walimlea, wakamwoza. Baba yako mkubwa hapendi niseme hayo." Halafu anaomba maji ya kunywa, ninatoka kumletea, na kwa dakika nzima kuna kuku tu.

Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa mimi niliyeuliza. Na bado sikuwa nimelisikia jibu, kwa kuwa nilikwenda pale nikiwa na jibu langu tayari. Nikimpelekea maji niliporudi nilimuuliza habari za mavuno.

Siwezi kusema zaidi ya alivyosema. Sijui jina la kijiji cha yule msichana wala njia aliyopitishwa. Najua miaka inalingana na siku za mwisho za Msiri, na najua kwamba mtu aliyezungusha waya ule juu ya singa aliufanya kwa mguu wa mtoto, kwa sababu bangili inanibana hata mkononi. Nilikuwa nimeiona hilo tangu mwanzo nikadhani imesinyaa kwa uzee. Shaba haisinyai.

"Na hii mbovu nitupe?" fundi aliuliza, akiwa ameshika fleksi ya zamani.

Nikaichukua. Nikalipa. Pale benchini niliinakili ile sauti sehemu tatu, moja nikamtumia binamu yangu aliye Mwanza. Zile sentensi za kujisifu nikazifuta kwenye daftari, nikaacha hesabu ya Faraday peke yake, maana hiyo haikuwa na kosa.

Kisha nikampigia baba mkubwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama simu imepona. Nikamwambia imepona, na kwamba Jumapili nitakuja nyumbani tumsikilize bibi pamoja. Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilitazama kioo nikidhani kimezima tena.

"Njoo asubuhi," alisema. "Kabla watu hawajawa wengi."