Mkimbizi aliyekuwa bingwa wa sataranji Afrika Kusini

Ubingwa wa taifa wa sataranji, mchezo ambao wengi wetu huku Kongo tunauita échecs, ulianza kugombewa Afrika Kusini mwaka wa 1892, katika mji wa Cape Town. Ni mashindano ya zamani kuliko nchi yenyewe, maana muungano wa Afrika Kusini uliundwa mwaka wa 1910. Lakini bingwa ambaye ningependa wasikilizaji wetu wamjue, zaidi sana familia zilizo makambini, hakuzaliwa Afrika.

Wolfgang Heidenfeld alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1911. Alikuwa Myahudi. Hitler alipochukua madaraka mwaka wa 1933, Wayahudi walianza kufukuzwa kazini, mashuleni, hata katika vyama vya sataranji. Heidenfeld akalazimika kuhama, akafika Afrika Kusini. Tusifikiri kwamba watu kama yeye walipokelewa kwa mikono miwili: mwaka wa 1937 serikali ya huko ilipitisha sheria ya wageni iliyowafungia mlango Wayahudi wengi waliokuwa bado wanatafuta pa kukimbilia. Walioingia mapema walianza maisha upya.

Sataranji inamfaa mtu aliyehama. Haiulizi unasema lugha gani, na farasi anaruka Johannesburg vilevile alivyoruka Berlin. Heidenfeld alichukua ubingwa wa Afrika Kusini mara 8. Alimfunga hata Max Euwe wa Uholanzi, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1935 hadi 1937. Baadaye alihamia Ireland, na huko pia akawa bingwa wa taifa, mara 6. Si jambo dogo kwa mtu ambaye kwao aliambiwa hana nafasi.

Lakini habari hii ina upande mwingine, nao unauma. Nchi iliyompa mkimbizi huyo kiti mbele ya ubao iliwanyima kiti hicho watu waliozaliwa humo. Kwa miaka mingi ubingwa wa taifa ulikuwa wa Wazungu. Mwaka wa 1950 serikali ilitunga sheria ya kuwatenga watu kwa rangi, kila kundi na mtaa wake. Mwaka wa 1966 mtaa wa District Six, katikati ya Cape Town, ulitangazwa kuwa wa Wazungu peke yao. Wakaaji zaidi ya 60,000 waliondolewa, nyumba zao zikabomolewa kwa matingatinga, nao wakapelekwa mbali kwenye uwanda wa mchanga unaoitwa Cape Flats. Nao pia walikuwa wakimbizi, ingawa hawakuvuka mpaka wowote. Wengi wenu mnajua hali hiyo bila kuelezwa.

Dunia ya sataranji ilichelewa kusema kitu. Ilifika mwaka wa 1974 ndipo shirikisho la kimataifa, FIDE, likiwa na mkutano Nice, Ufaransa, lilipoiondoa Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi. Rais wa FIDE wakati huo alikuwa Max Euwe, yule yule aliyefungwa na Heidenfeld. Nchi ikakaa nje karibu miaka 18. Wachezaji wake walirudi kwenye Olimpiadi ya sataranji mwaka wa 1992, mjini Manila, Ufilipino.

Mmoja wa waliofuzu kwenda Manila alikuwa kijana wa Mitchells Plain, mji uliojengwa Cape Flats miaka ya 1970 kwa ajili ya watu ambao serikali iliwaandika kuwa machotara, karibu kilomita 30 kutoka katikati ya Cape Town. Mdogo wake, Kenny Solomon, alikuwa na miaka kama 13. Alipoona mchezo umempatia kaka yake tikiti ya ndege, naye akaketi kujifunza. Wengine huanza wakiwa na miaka 5 au 6. Yeye alianza kwa kuchelewa, mahali ambapo magenge yalikuwa yakiwavuta vijana wa rika lake.

Mnamo Disemba 2014 Solomon alishinda ubingwa wa Afrika, na kwa ushindi huo akapata cheo cha Grand Maître, cheo cha juu kabisa katika sataranji. Katika historia yote ya Afrika Kusini hakuna aliyekuwa amekipata kabla yake. Mashindano yalifanyika Windhoek, Namibia, mji ambao hadi mwaka wa 1990 ulitawaliwa na serikali ya Afrika Kusini.