Sumu ya Mshale na Dawa ya Moyo: Tarehe ya Elimu ya Miti-Dawa katika Bonde la Tana

Elimu ya dawa zitokanazo na mimea ni kongwe kuliko kalamu, na katika bonde la chini la mto Tana, pande za Garsen, ambako kijiji cha Kulesa kimekaa baina ya mashamba na msitu wa kandokando ya mto, elimu hiyo ilipita katika mikono ya watu wengi kabla haijapata kuandikwa na yeyote. Wapokomo wakulima na wavuvi, Waorma wafugaji, Wasanye ambao wenyewe hujiita Waata, na Waswahili wa Lamu, Kipini na Witu walioingia bara kwa biashara, kila kaumu ilikuwa na fungu lake katika hazina hii, wala haiwezekani kuisimulia tarehe yake kwa insafu endapo mmojawapo ataachwa nje. Dawa yoyote ina nguzo tatu, nazo ni mti wenyewe, kipimo chake, na mjuzi wake. Na yeyote atakayeifuata tarehe hii mpaka zama zetu ataona kwamba elimu ya kisasa iliuchukua mti, ikakipima upya kipimo, kisha ikamsahau mjuzi.

Msitu wa Tana ni mwembamba, nao umeshonwa kwenye kingo za mto kama pindo la nguo, kwa kuwa nyuma yake ni nyika kavu isiyostahimilika ila na miti ya miiba. Uhai wake ni mafuriko, ambayo hupanda mvua zinyeshapo katika milima ya Kenya na Nyandarua, yakaacha tope lenye rutuba na kuinua maji ya chini yanywewayo na mizizi. Humo huota mkuyu, mkwaju, mkindu, mkoma na mtapa. Mhina huonekana kingoni, na mswaki hustawi pale ardhi ianzapo kuwa na chumvi. Tunda la mkwaju, ambalo nyama yake hulowekwa, ikavurugwa, ikachujwa na kunyweshwa mwenye tumbo lililofunga, limejaa asidi ya tatariki, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kulainisha tumbo. Kijiti cha mswaki, ambacho Muislamu hukitumia kwa kufuata sunna na asiyekuwa Muislamu kwa kuwa ndicho kilicho karibu, kina mafuta makali yenye salfa, na maabara zimethibitisha kuwa hudhoofisha vijidudu vya kinywani. Watu hawakungoja maabara ndipo wasafishe meno yao. Bali maabara zilikuja baadaye kueleza sababu ya jambo ambalo tayari lilikuwa likijulikana kuwa ni kweli.

Kwa upande wa pwani ulikuwapo mkondo mwingine wa maarifa, nao ni ule wa vitabu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliacha Kanuni yake ya tiba. Na Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga aliyefariki Damascus mwaka 1248, alikusanya katika kitabu kimoja habari za dawa na vyakula vipatavyo 1,400, akivipanga kwa herufi na kumtaja kila aliyenena kabla yake. Matunda ya elimu hiyo yalifika Lamu na Mombasa pamoja na majahazi ya kaskazi, yakawekwa katika maduka ya dawa: sanamaki ya kuendesha tumbo, subiri, mvuje wa watoto, habasoda na uwatu. Biashara hiyo haikuwa ya kupokea tu, kwa kuwa nyika zilizo kaskazini ya Tana na nchi ya Wasomali zimejaa miti ya jamii ya manemane, na utomvu wake umekuwa ukisafirishwa ng'ambo tangu dahari. Mfereji wa Belezoni, uliounganisha Tana na mto Ozi, uliwawezesha wenye mitumbwi kufika Kau na Kipini. Na penye njia ya mpunga na pembe hapakosi njia ya dawa.

Ulaya nayo ilikuwa ikibadili namna ya kuutazama mti. Mjerumani Sertürner alitenga mofini katika afyuni mwanzoni mwa karne ya 19; J. A. Schmidt wa Vienna, katika kitabu kilichotoka mwaka 1811, aliipa elimu ya dawa za asili jina la famakognosia; na mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walitoa kwinini katika gome la sinkona. Tangu hapo mtaalamu hakutosheka kusema kuwa gome hili huponya homa, bali alitaka kujua ni kitu gani ndani ya gome na kwa kadiri gani. Afrika ya Mashariki iliingizwa katika kazi hiyo rasmi mwaka 1902, Wajerumani walipoanzisha chuo cha utafiti wa mimea huko Amani katika milima ya Usambara, ambako sinkona ilipandwa. Na vita vya 1914 vilipoifunga bahari, kwinini ya askari wao ilitengenezwa papo hapo.

Lakini hakuna mti unaoonyesha uhusiano wa maarifa ya nyika na elimu ya maabara kwa uwazi kuliko msunguti. Huu ni mti mdogo wa majani magumu yenye kung'aa na maua meupe yenye harufu nzuri, nao ndio uliowapa Waata sumu ya mishale yao, pengine kwa kuipika wenyewe na pengine kwa kuinunua kwa Wagiriama waliosifika kwa kazi hiyo. Vipande vya mti na mizizi vilichemshwa kwa muda mrefu, vikachujwa, na maji yake yakachemshwa tena mpaka yakawa mazito na meusi mfano wa lami. Ili kuijaribu, kama inavyosimuliwa, fundi alijichanja kidogo, akaiacha damu itiririke, kisha akaugusisha mwisho wa mtiririko kwa sumu, akatazama weusi unavyopanda, na kuufuta kabla haujafikia jeraha. Sumu iliyopakwa mshaleni ilizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi, kwa sababu ikikauka au ikikaa juani nguvu zake hupungua; ukanda huo uliondolewa wakati wa kuwinda tu.

Katika mambo haya yote moja linastahili kutazamwa kwa makini. Mnyama aliyeuawa kwa mshale huo, hata akiwa ndovu, nyama yake ililiwa, ila ile iliyozunguka jeraha, ambayo ilikatwa ikatupwa. Hii ina maana kwamba wawindaji walifahamu waziwazi kuwa sumu hiyo huua iingiapo katika damu, na kwamba kwa njia ya tumbo madhara yake ni machache mno. Kanuni hiyo ya namna mwili unavyopokea dawa waliifikia kwa kuangalia, kujaribu na kurithishana, nao waliitegemea kila walipowapa watoto wao chakula.

Wazungu waliijia kanuni hiyo kwa njia ndefu. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja, alifuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi, na huko, kama ilivyohadithiwa, mswaki wake uliguswa na sumu ya mishale ya watu wa nchi ile, itokanayo na mmea wa kombe, naye akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1885 aliwatangazia waganga wenziwe kuwa inafaa kwa ugonjwa wa moyo. Miaka mitatu baadaye, katika 1888, Mfaransa Arnaud alitoa fuwele safi katika mti wa jamii ya msunguti uliotoka nchi ya Wasomali, akaiita ouabaini kwa jina walilolitumia Wasomali wenyewe. Tatizo la waganga lilikuwa kwamba dawa hizi zikinywewa hazitegemeki, mpaka Albert Fraenkel alipozitia katika mshipa huko Strasbourg mwaka 1906, na mioyo iliyochoka ikapata nguvu ya kukaza. Alichokigundua Fraenkel kwa sindano ndicho walichokijua Waata kwa mshale.

Wala kazi ya msunguti haikuishia hapo. Mwaka 1953 mtafiti Schatzmann alionyesha kuwa dawa za jamii hii huzuia chembe za damu zisitoe sodiamu na kuingiza potasiamu. Na mwaka 1957 Jens Skou wa Denmaki, akichunguza neva za kaa wa pwani, alikipata kimeng'enya kiifanyacho kazi hiyo, kisha ouabaini ikamsaidia kuthibitisha kuwa hicho ndicho hasa alichokuwa akikitafuta. Ugunduzi huo ulimpatia fungu katika Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1997. Karibu kila seli ya mwili wa mwanadamu huishi kwa kazi ya kimeng'enya hicho, na mojawapo ya funguo zilizoifungua siri yake ilitengenezwa kwanza na wawindaji wa Afrika ya Mashariki, ambao katika miaka ya 1956 na 1957 wenzao wa Tsavo walikuwa wakifungwa jela kwa kuwinda kwa sumu hiyo.

Ama kuandikwa kwa maarifa yenyewe, kulikwenda kwa vipande. Wamisionari wa Neukirchen walifika Ngao, katika bonde hilo hilo, miaka ya 1880, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, alichapisha msamiati wa Kipokomo mwaka 1895. Alice Werner aliandika habari za Wapokomo na Wasanye kabla ya vita vya kwanza. Peter Bally alitoa makala ya miti-dawa na miti-sumu ya Afrika ya Mashariki mwaka 1937, na Padri Sacleux alitia majina mengi ya mimea katika kamusi yake ya 1939. Hazina ya mimea mikavu ya Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. John Kokwaro akatoa kitabu chake mashuhuri cha mimea ya dawa mwaka 1976. Na mwaka 1993 Kimberly Medley alichapisha utafiti wa namna Wapokomo wanavyoutumia msitu wa Tana. Hizi ni kazi za kushukuriwa. Hata hivyo, sheria ya uchawi ya 1925 iliwatia waganga wa miti katika shaka moja na wachawi, na mtu anayeogopa kushitakiwa hawezi kumfundisha mwanawe mchana.

Kitabu nacho hakiuzuii mti kukauka. Mabwawa ya juu ya mto, Kindaruma la 1968, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988, yameyapunguza mafuriko ambayo miche ya msituni huyahitaji ili iote, na mashamba yameumega msitu pande zote. Hifadhi ya nyani na kima iliyoundwa mwaka 1976 iko upande wa juu wa mto, na vipande vya msitu vya Kulesa, Wema na Hewani viko nje ya mipaka yake. Mti ukitoweka, kipimo chake hakina cha kupimwa. Na mzee akifariki bila mwanafunzi, mti uliobaki huwa kuni.

Dawa ya hali hii imo katika uwezo wetu. Mkataba wa viumbe hai wa 1992 na Itifaki ya Nagoya ya 2010 zimekiri kuwa wenyeji wana haki katika manufaa ya maarifa yao, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa serikali za kaunti kazi ya kuyasajili. Basi kaunti ya Tana River na iandike daftari lake, na katika daftari hilo kila mti uwe na jina lake kwa Kipokomo, kwa Kiorma, kwa Kiwaata na kwa Kiswahili, na tawi lake kavu lihifadhiwe Nairobi. Kiandikwe kipimo, pamoja na hatari ya kukizidisha. Na kwa idhini yake liandikwe jina la mzee aliyefundisha, na la kijiji chake. Lau Arnaud na Fraenkel wangalikuwa na daftari la namna hiyo mbele yao, miaka 18 isingalihitajika baina ya fuwele na sindano, na Waata wangalitajwa katika vitabu vya tiba kuwa ni walimu.