Jumba la Makumbusho la Berkshire

Jumba la Makumbusho la Berkshire liko Pittsfield, mji mdogo magharibi mwa jimbo la Massachusetts, Marekani. Lilianzishwa mwaka 1903 na Zenas Crane, tajiri wa ukoo wenye kiwanda cha karatasi katika mji jirani wa Dalton. Karatasi za noti za dola zimekuwa zikitoka kiwandani humo tangu 1879.

Crane alitaka majirani zake wauone ulimwengu bila kufunga safari, akakusanya kila alichoweza. Ndiyo maana sanaa, sayansi na viumbe vya asili vimekaa chini ya paa moja: picha za wachoraji, madini, wanyama waliokaushwa, maiti ya Mmisri wa kale aitwaye Pahat, na samaki hai katika matangi ya ghorofa ya chini kabisa. Crane alichangia pia safari za Robert Peary kuelekea Ncha ya Kaskazini, na vifaa vya msafara wa 1909 vikaja Pittsfield. Nje, watoto wamezoea kulakiwa na Wally, sanamu ya dinosauri aina ya stegosauri.

Mchanganyiko huo ndio uliokuja kuzua ugomvi. Julai 2017, wakati fedha zikiwa haba, uongozi ulitangaza kuuza kazi 40 za sanaa ili kujenga akiba na kuelekeza nguvu kwenye sayansi na historia. Miongoni mwake zilikuwa picha mbili za Norman Rockwell, mchoraji aliyeishi Stockbridge, mwendo mfupi tu kutoka hapo, naye alilipatia jumba picha hizo kama zawadi. Wanawe walikwenda mahakamani. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya jimbo iliruhusu mauzo, mradi mapato yasizidi dola milioni 55.

Kazi 22 ziliuzwa, zikaingiza dola milioni 53.25. Picha mashuhuri kuliko zote, Shuffleton's Barbershop ya Rockwell, ya 1950, ilichukuliwa na jumba la makumbusho la mwongozaji filamu George Lucas, Los Angeles. Lakini wenzao wa fani hawakuridhika: chama cha wakurugenzi wa majumba ya sanaa kiliwataka wanachama wake wasiazimishe Berkshire kazi yoyote.