Manowari ya Bomba Tatu na Mizinga Yake

Wasikilizaji wetu, mwezi wa Juni mwaka 1914 watu wa Dar-es-Salaam waliiona manowari ngeni ikiingia bandarini, nao hawakungoja kuambiwa jina lake. Waliitazama, wakahesabu mabomba yake ya moshi, wakaiita manowari ya bomba tatu. Wenyewe Wadachi waliiita Königsberg, kwa jina la mji wao mmoja. Ilikuwa na mabaharia zaidi ya 300 na mizinga 10 ya sentimita kumi na nusu, na nahodha wake alikuwa Max Looff. Wadachi ndio hao ambao vijana wa shule huwaita Wajerumani. Sisi tutalishika jina la wazee wetu, maana ndilo lililosikika katika vita vile.

Vitabu vingi huikomesha habari ya manowari hii siku ilipozama. Sisi twaona kwamba siku ile habari ilikuwa imefika katikati tu, na nusu iliyobaki haikuandikwa sana kwa sababu ilitendeka nchi kavu, mabegani mwa watu wasio mabaharia.

Vita vilipokaribia, Looff aliondoka Dar-es-Salaam tarehe 31 Julai, asije akafungiwa bandarini. Siku sita baadaye, karibu na pwani ya Arabuni, aliikamata meli ya biashara ya Waingereza, City of Winchester, iliyokuwa ikichukua chai kupeleka kwao. Ilikuwa meli ya kwanza ya biashara ya Waingereza kupotea namna hiyo katika vita vile. Walakini Looff hakuihitaji chai. Alihitaji makaa ya mawe. Manowari za siku zile zilikula makaa kama vile tanuri la chokaa linavyokula kuni, na isiyo na makaa ni chombo kisicho na tanga. Waingereza walilijua jambo hilo, wakanunua makaa yaliyokuwako Beira, katika nchi ya Wareno, ili adui asiyapate. Looff aliyapakua makaa ya City of Winchester penye visiwa vya Khuriya Muriya, mbele ya pwani ya Omani, kisha akaizamisha. Hata makaa hayo hayakumfaa sana, maana yalikuwa makaa ya Bara Hindi, mabaya kwa mitambo yake.

Tarehe 20 Septemba, alfajiri, Königsberg ilitokea mbele ya Unguja. Bandarini ilikuwamo manowari ya Waingereza, Pegasus, ya mwaka 1897, imezima mitambo yake ili itengenezwe. Ilikuwa na mizinga 8 ya inchi nne. Ukubwa wa vinywa vya mizinga ya pande zote mbili ulikuwa karibu sawa, lakini ile ya Wadachi ilitupa mbali zaidi. Basi Looff akasimama mahali ambapo makombora yake yaliifikia Pegasus, na ya Pegasus yakaanguka majini kabla ya kumfikia. Haikupita nusu saa mizinga ya Waingereza ikanyamaza. Mabaharia wao zaidi ya 30 walikufa, na kadha wa kadha kati yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji. Pegasus ilizama siku ile ile. Wadachi walipokuwa wakienda zao walitupa mlangoni mwa bandari mapipa yaliyojaa mchanga, ili Waingereza wadhani ni mabomu ya baharini. Hila ya mchanga, nayo haikugharimu kitu!

Ushindi huo haukuwa na siku nyingi. Mtambo wa Königsberg ukavunjika, naye Looff akaiingiza katika delta ya Rufiji. Mto huo, kama wajuavyo wenyeji, hauingii baharini kwa mlango mmoja. Hugawanyika katika matawi mengi ndani ya mikoko, na mgeni akipotea humo hatoki bila kuongozwa. Wadachi walikuwa wamekwisha kupima vina vya matawi yale, Waingereza walikuwa hawajui kama chombo kikubwa kama kile chaweza kupita. Vipande vya mtambo vilivyovunjika vikafunguliwa, vikakokotwa kwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar-es-Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Waliovikokota ni wapagazi wa Kiafrika, katika matope na mchanga. Tulikumbuke jambo hilo, maana litakuja tena mbele.

Vipande viliporudi, nafasi ilikuwa imekwisha pita. Tarehe 30 Oktoba manowari Chatham iliona milingoti mirefu kuliko mikoko. Wadachi wakapanda mto zaidi. Waingereza wakaziba tawi moja kwa kuizamisha humo meli kuukuu, Newbridge, wakakaa nje wakingoja. Kungoja huku kulichukua miezi minane na zaidi. Manowari za nje hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kidogo, na ya ndani haikuweza kutoka kwa sababu ya zile za nje. Homa iliwapata wengi, na nahodha aliwatoa baadhi ya mabaharia wake wakapigane nchi kavu.

Mwisho wake uliletwa na vyombo vya namna mbili ambavyo havikuwa vikubwa wala vya kuogopesha. Vya kwanza ni Severn na Mersey, vyombo viwili vipana vilivyoundwa Uingereza kwa ajili ya nchi ya Brazili, vitumike katika mito yake. Havikuhitaji kina hata cha mita 2. Vilikokotwa kutoka Malta, kupita Suez, mpaka Mafia, ambacho Waingereza walikuwa wamekwisha kukitwaa mwezi wa Januari 1915. Vya pili ni eropleni. Wapiga mizinga wa Severn na Mersey hawakuweza kuiona shabaha yao, maana msitu ulikuwa katikati. Basi mtu aliye angani alitazama kombora lilipoanguka, akapeleka habari kwa simu ya upepo: limezidi, limepungua, kuume, kushoto. Kazi hiyo leo ni ya kawaida majeshini. Siku zile ilikuwa mpya kabisa.

Shambulio la kwanza, tarehe 6 Julai 1915, halikufaulu, na Mersey iliumizwa. Tarehe 11 wakarudi. Eropleni ilipigwa, nayo ilipokuwa ikishuka, Arnold, aliyekuwa akitazama, hakuacha kupeleka habari za makombora. Na Cull, aliyekuwa akiiendesha, akaishusha majini. Wote wawili waliokolewa na Mersey. Wakati ule Severn ilikuwa imekwisha ipata shabaha, na Königsberg ikawa inawaka. Looff mwenyewe alijeruhiwa. Akaamuru kichwa cha topido kilipuliwe ndani ya meli yake, isitwaliwe na adui, nayo ikalala juu ya matope ya mto.

Hapa ndipo vitabu vingi hufunga ukurasa. Lakini mto haukuwa na kina cha kuimeza, na mizinga yote 10 ilikuwa ingali yafaa. Wadachi wakairudia, wakaifungua, wakaitoa. Mtutu wa mzinga mmoja peke yake ulikuwa na uzito wa kilo 1,500 na kupita, na hapo hujahesabu kiti chake. Wakati ule hapakuwa na reli ya Rufiji, wala barabara, wala gari. Palikuwa na kamba, na mamia ya watu. Wakaivuta hata Dar-es-Salaam, na huko, katika karakana, ikatengenezewa magurudumu, ikawa mizinga ya nchi kavu.

Toka hapo manowari ya bomba tatu ilipigana mahali ambapo haikupata kufika maji ya chumvi. Mzinga wake mmoja ulikuwako Kahe, chini ya Kilimanjaro, mwezi wa Machi 1916. Mwingine ulilia Kondoa Irangi. Mwingine uliwekwa Mwanza, ziwani Nyanza. Mmoja ulipelekwa Kigoma, ukapandishwa juu ya meli Goetzen, ambayo iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande katika masanduku, ikaunganishwa tena ikashushwa ziwani Tanganyika mwezi wa Februari 1915. Hata mwaka 1916 majeshi ya bara yakauhitaji mzinga ule. Ukaondolewa, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mbao. Meli ile Wadachi wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai mwaka ule ule, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito isishike kutu. Ikaopolewa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ikachukua abiria wa ziwa lile kwa miaka mingi sana.

Waingereza nao waliiopoa mizinga ya Pegasus kutoka bandari ya Unguja, wakaitumia nchi kavu. Basi manowari mbili zilizokufa ziliendelea kutembea barani, kila moja ikivutwa na watu. Twapenda kusimama kidogo kwa watu hao. Majina ya manahodha twayajua, na ya warushaji wa eropleni, hata jina la meli iliyochukua chai. Ya wale walioshika kamba kutoka Rufiji hatuyajui. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita vile, walioandikwa, ni zaidi ya 40,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, homa na njaa. Kituo chao Dar-es-Salaam ndicho kilichoacha jina la Kariakoo, maana jeshi lao kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps, na watu walilitamka kwa ndimi zao. Anayekwenda kununua ndizi sokoni pale hutamka jina la jeshi zima pasipo kujua.

Mabaki ya Königsberg yalibaki Rufiji miaka mingi, yakikatwa chuma kidogo kidogo, hata katika miaka ya 1960 yakaingia matopeni. Katika mizinga yake, mmoja uko Pretoria, Afrika ya Kusini. Mwingine uko Mombasa, katika Ngome ya Fort Jesus, na pamoja nao pale ngomeni umewekwa mzinga wa Pegasus. Mwalimu akiwapeleka wanafunzi wake huko, awape kipimo wapime vinywa vyake. Watakuta wa Mdachi ni mpana kuliko wa Mwingereza kwa milimita tatu na kitu.