Yungiyungi la amani: Majani yakilegea, usikimbilie maji

ANAYEPITA karibu na vitalu vya maua kandokando ya barabara za Nairobi hawezi kukosa kuuona mmea huu: majani mapana ya kijani yanayong'aa, na juu yake ua jeupe lililosimama wima kwenye kikonyo chembamba. Wauzaji huuita pisi lili. Katika makala haya tutauita yungiyungi la amani, ingawa kwa hakika si yungiyungi hata kidogo. Wataalamu wa mimea huuweka katika jenasi ya Spathiphyllum, ukoo mmoja na nduma tunazochemsha kwa kiamshakinywa. Udugu huo una maana yake nyumbani, kama tutakavyoona.

Hata kile kinachoitwa ua ni jani lililobadilika umbo na rangi. Maua yenyewe ni yale madogo sana yaliyosongamana kwenye kijiti cha katikati. Jamii nyingi za mmea huu asili yake ni misitu yenye joto na unyevu ya Amerika ya Kati na Kusini. Moja kati ya zile zinazojulikana zaidi, Spathiphyllum wallisii, ilipewa jina la Gustav Wallis, Mjerumani aliyezunguka Amerika Kusini katika karne ya 19 akikusanya mimea. Huko kwao mmea huu huishi chini ya miti mirefu, mahali ambapo jua halifiki moja kwa moja.

Anayetaka mmea mkubwa na aanze kwa kuchagua aina. Ule mdogo wa kuwekwa mezani hautakuwa jitu kwa kumwagiwa mbolea. Utaungua mizizi tu. Aina iitwayo Mauna Loa hufikia futi 3 au 4, na ile ya Sensation, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote zinazouzwa kwa wingi, yaweza kufika futi 6 ikitunzwa vyema. Muulize muuzaji kabla ya kutoa pesa zako.

Tatizo kubwa la mimea hii mikubwa ni maji, na hapo ndipo wengi huipoteza. Yungiyungi la amani likikosa maji hulegea lote kwa pamoja, majani yakaanguka pande zote kama mtu aliyezirai. Ukilinywesha, huinuka tena katika muda wa saa chache. Basi mwenyewe huamini kwamba kulegea ni kiu siku zote. La hasha! Mizizi iliyooza kwa maji mengi haiwezi kuyafikisha majini, na mmea hulegea vivyo hivyo. Anayeongeza maji wakati huo anauzika.

Katika chumba kimoja cha habari nilichowahi kufanyia kazi kulikuwa na mmea wa namna hii, mrefu kufikia kifua cha mtu. Kila aliyepita aliumwagia maji yaliyobaki kwenye gilasi yake, na wengine hata chai iliyopoa. Ulipoanza kulegea, kila mmoja alidhani wenzake wameusahau, akaongeza. Siku tulipoutoa chunguni mizizi ilikuwa kahawia, laini, na inanuka.

Chungu kikubwa kina hila yake: udongo wa juu hukauka huku wa chini ukiwa tope. Kidole hakitoshi kupima. Chukua kijiti kikavu, kididimize hadi karibu na kitako cha chungu, kisha ukichomoe. Kikitoka na udongo ulioloa, subiri. Kikitoka kikavu, nywesha hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini, na uyamwage yaliyotuama kwenye sahani. Iwapo mizizi imekwisha kuoza, ng'oa mmea, uoshe, kata sehemu laini kwa kisu safi na ubakishe ile mizizi myeupe na migumu. Kisha uupande katika udongo mpya, ndani ya chungu kidogo kuliko cha awali.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Athi River, haufai kabisa. Changanya mboji iliyooza vizuri, vumbi la makumbi ya nazi na kokoto nyepesi za volkano. Unapohamisha, ongeza upana wa chungu kwa inchi 2 hivi na si zaidi. Mmea uliosongamana waweza kugawanywa kwa kisu. Msimu wa mvua za masika ni wakati mzuri.

Ncha za majani zikigeuka kahawia, chunguza pia maji yenyewe. Visima vingi vya Bonde la Ufa, na baadhi ya vile vya Nairobi, vina floraidi nyingi, ile ile inayoacha madoa kwenye meno ya watoto, na mmea huu huathirika nayo. Kuyachemsha hakusaidii. Kinga maji ya mvua.

Uweke karibu na dirisha linaloelekea mashariki, mbali na jua la mchana. Wakazi wa Limuru na Nyahururu wauepushe na baridi ya Julai. Usipochanua baada ya kununuliwa, usishangae: wakuzaji wengi huunyunyizia homoni ya jiberelini ili uchanue upesi sokoni. Nyumbani utachanua kwa wakati wake, ukipata mwanga wa kutosha.

Kuhusu sifa kwamba husafisha hewa, ni kweli shirika la NASA liliujaribu, na matokeo yakatolewa mwaka 1989, lakini majaribio hayo yalifanyiwa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Uchambuzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, mwaka 2019 ulionyesha kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita mraba ya sakafu ili kulingana na uingizaji hewa wa kawaida wa jengo. Fungua dirisha.

Sasa ule udugu na nduma. Aliyewahi kumenya nduma mbichi anaujua mwasho wake: husababishwa na fuwele za oksaleti ya kalsiamu, nazo zimo katika yungiyungi la amani pia. Mtoto, mbwa au paka akitafuna jani, mdomo na ulimi humwaka na pengine kuvimba. Mara nyingi si jambo la kuua. Mpanguse mtoto mdomo, mpe maji au maziwa baridi, na akipata shida ya kumeza au kupumua, mkimbize hospitalini.