VPN kwenye simu: Wakati gani uiwashe, wakati gani uizime

Kwenye simu nyingi siku hizi, pale juu ya kioo karibu na alama ya betri, kuna kialama kidogo cha ufunguo. Kwenye iPhone zinaonekana herufi tatu: VPN. Wapo wanaojua kabisa kwa nini kipo hapo. Wapo pia walioambiwa na rafiki wapakue, wakabonyeza kitufe, wakasahau.

Kwa Tanzania, baadhi walianza kuitafuta Mei 2025, mtandao wa X ulipoacha kufunguka kwa njia ya kawaida. Wengine wameikuta kazini, kwa sababu kampuni inawataka waiwashe kabla ya kufungua mafaili ya ofisi.

Shida ni kwamba VPN inayobaki imewashwa saa 24 ina gharama zake. Inakula bando, inaweza kuifanya benki ikuzuie kuingia kwenye akaunti yako, na kama ilipakuliwa ovyo, inaweza kupeleka taarifa zako kwa mtu usiyemjua. Juu ya hayo yote, Tanzania kuna upande wa sheria.

Haya ndiyo ya kujua kabla ya kubonyeza kitufe.

VPN inafanya nini hasa?

Bila VPN, ukifungua tovuti ombi lako linatoka kwenye simu, linapita kwenye mnara, linaingia kwa kampuni ya simu, kisha linakwenda kwenye tovuti. Kampuni ya simu inaweza kuona umeelekea tovuti gani. Kama anwani inaanza na https, haioni ulichosoma wala nywila uliyoandika, lakini jina la tovuti linaweza kuonekana.

Ukiwasha VPN, kila kinachotoka kwenye simu kinafungwa kwa msimbo na kupelekwa kwanza kwenye seva ya kampuni ya VPN. Seva hiyo inaweza kuwa Uholanzi, Afrika Kusini au kwingineko. Hapo ndipo msimbo unafunguliwa na ombi kupelekwa linakokwenda.

Ni kama kutuma mzigo kwa basi kutoka Mwanza. Kwa nje umeandikwa jina la wakala wa Dodoma. Wakala akifungua, anakuta ndani kuna mzigo mwingine wenye jina la mpokeaji wa Dar es Salaam. Kondakta hajui mzigo unaishia wapi. Wakala anajua.

Jambo la kukumbuka ni hilo la mwisho. VPN haiondoi mtu wa katikati, inambadilisha tu. Ulichokuwa unamwachia mtoa huduma wako wa simu, sasa unamwachia mwenye VPN. Swali la kwanza kwa hiyo ni dogo: je, unamwamini nani zaidi?

Wakati inapokufaa

*Wi-Fi ya watu wengi.* Uwanja wa ndege, hoteli, mgahawa, hosteli ya chuo. Mwenye Wi-Fi, au mtu aliyefungua Wi-Fi ya uongo yenye jina linalofanana na la hoteli, anaweza kuchungulia unaelekea wapi na kukupeleka kwenye kurasa feki. Tovuti na aplikesheni nyingi sasa zina ulinzi wake wenyewe, hivyo hatari ni ndogo kuliko miaka 10 iliyopita, lakini haijaisha. Hapa VPN inaongeza ukuta. Ila kuna njia rahisi zaidi: zima Wi-Fi, tumia bando lako kwa dakika hizo mbili za kufanya jambo la siri.

*Kazi ya ofisi.* Kampuni, benki na mashirika mengi huwapa wafanyakazi VPN ili wafikie mifumo ya ndani wakiwa nyumbani au safarini. Hii si ya kujadili. Kama ofisi imesema iwashwe, inawashwa, na ofisi ndiyo inayopaswa kushughulikia masharti ya kisheria. Kumbuka tu kwamba VPN ya ofisi inapita kwenye seva ya ofisi. Unachoperuzi ikiwa imewashwa, bosi anaweza kukiona.

*Taarifa nyeti.* Mwandishi wa habari anayewasiliana na chanzo, wakili mwenye faili la mteja, mtu anayetafuta taarifa za ugonjwa asiotaka ujulikane. Hawa wana sababu ya kutaka watu wachache zaidi wajue wanaelekea tovuti gani.

*Ukiwa nje ya nchi.* Baadhi ya huduma za nyumbani hukataa mtu anayeingia kutoka nje. VPN yenye seva katika nchi yako inaweza kusaidia, kama sheria za nchi uliyopo zinaruhusu.

Wakati haikusaidii kitu

Ukipiga *150*00# au namba nyingine ya huduma za fedha kwa simu, VPN haihusiki hata kidogo. Menyu hizo, pamoja na simu na SMS za kawaida, hupita kwenye mfumo wa mawasiliano wa kampuni ya simu na si kwenye intaneti. Uiwashe usiiwashe, ni yale yale.

Matapeli nao hawasumbuliwi na VPN. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" utaingia kama kawaida. Ukiandika namba yako ya siri kwenye ukurasa wa uongo, VPN itaifunga vizuri kwa msimbo na kuifikisha salama kwa tapeli.

Haikufichi kwa Google, Facebook au TikTok ukiwa umeingia kwa akaunti yako. Umeshajitambulisha mwenyewe mlangoni. Haifichi pia mahali ulipo kwa aplikesheni uliyoiruhusu kusoma GPS. Ndiyo maana dereva wa teksi ya mtandaoni anakukuta Sinza hata kama VPN inasema uko Amsterdam.

Na kwa WhatsApp, maudhui ya meseji na simu zako yamefungwa kati yako na unayeongea naye tangu Aprili 2016. Kwa kusoma meseji hizo, kampuni ya simu haina nafasi, VPN iwepo isiwepo.

Kuna pia hali ambayo VPN inakwama kabisa. Mtandao mmoja ukizuiwa, kama ilivyokuwa kwa X, intaneti yenyewe bado ipo na VPN ina pa kupita. Lakini intaneti nzima ikizimwa, kama ilivyotokea Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, au Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, hakuna barabara. VPN ni gari, na gari bila barabara halifiki popote.

Bando linaishaje haraka hivyo?

Hili ndilo linalowauma wengi bila wao kujua chanzo.

Kufunga data kwa msimbo kunaongeza uzito wake. Kwa kawaida ongezeko ni kati ya asilimia 5 na 15. Kwa mtu wa GB 1 kwa wiki, hiyo inaweza kuwa zaidi ya MB 100 zinazoliwa na VPN pekee. Betri nayo hushuka haraka kidogo.

Kubwa zaidi ni vifurushi vya mitandao ya kijamii. Ukinunua kifurushi cha WhatsApp au Instagram pekee, kampuni ya simu inakikata pale inapotambua kuwa data yako inaelekea huko. VPN ikiwa imewashwa, haioni tena kama ni WhatsApp au kitu kingine. Inaona mzigo uliofungwa tu. Matokeo yake, inakata kwenye bando lako la kawaida, au kwenye salio kama bando hakuna, huku kile kifurushi ulichonunua kikibaki vilevile mpaka muda wake uishe.

Kwa hiyo ukiona bando la kawaida limeyeyuka na la mitandao halijaguswa, kabla ya kupiga simu huduma kwa wateja, angalia kwanza kama kialama cha ufunguo kipo juu.

Benki ikikukataa

Mifumo ya benki huangalia mteja anaingia kutoka wapi. Asubuhi umeingia ukiwa Mbeya, mchana unaonekana uko Ujerumani. Kwa mfumo, huyo ni mwizi. Unaweza kuombwa uthibitisho upya, kukataliwa, au akaunti kufungwa kwa muda mpaka ufike tawini.

Aplikesheni za benki tayari zinafunga mawasiliano yake kwa msimbo. Ukiwa kwenye data yako mwenyewe, zima VPN, fanya muamala, kisha endelea.

Sheria inasemaje?

Tanzania, Oktoba 13, 2023, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitoa tangazo kwa umma ikiwataka watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN kuzisajili kabla ya Oktoba 30 mwaka huo, kwa kutoa taarifa ikiwemo anwani ya IP. Msingi wake ni Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020, zinazokataza teknolojia zinazomwezesha mtu kufikia maudhui yaliyozuiwa. Adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Kwa maneno mengine, anayeihitaji kwa kazi yake anapaswa kupitia usajili. Anayeitumia kufungua kilichozuiwa anajiweka kwenye hatari ya kisheria. Na asidhani haonekani: kampuni ya simu haioni unachofanya ndani ya VPN, lakini inaweza kutambua kwamba unatumia VPN, na laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA.

Kenya haina sheria inayokataza VPN yenyewe. Kosa likifanyika, kinachoangaliwa ni kosa, iwe lilipitia VPN au la. Uganda, wengi waliijua VPN Julai 2018, ilipoanza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Wapo waliogundua kwamba data iliyoongezeka na usumbufu wake havipishani sana na kodi yenyewe.

Wanaokwenda kufanya kazi nchi za Ghuba wawe makini zaidi. Falme za Kiarabu zinazuia simu za WhatsApp, na kishawishi cha kuwasha VPN ili kuongea na mama nyumbani ni kikubwa. Lakini sheria ya huko inatoa faini kuanzia dirham 500,000 hadi milioni 2 kwa anayetumia VPN kutenda au kuficha kosa. Oman nayo ina masharti yake. Ulizia kwanza njia za simu zilizoruhusiwa huko.

Ya bure inakugharimu nini?

Kuendesha seva ni gharama. Kama hulipi, kuna mtu analipa, na anataka kitu.

Mwaka 2016, watafiti waliochunguza aplikesheni 283 za VPN za Android walikuta asilimia 38 zina dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazifungi data kwa msimbo kabisa. Yaani zilikuwa VPN kwa jina tu.

Facebook iliwahi kumiliki VPN ya bure iitwayo Onavo Protect. Iliwaambia watu inalinda taarifa zao, huku ikikusanya taarifa za aplikesheni wanazotumia kwa faida ya biashara ya Facebook. Julai 2023, mahakama ya Australia iliamuru kampuni mbili tanzu za Facebook zilipe jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kupotosha wateja.

Na mwaka 2020, VPN saba za bure zenye uhusiano na Hong Kong, zilizodai hazihifadhi kumbukumbu za watumiaji, zilikutwa zimeacha wazi kumbukumbu hizohizo mtandaoni.

Si kila ya bure ni mbaya. Zipo kampuni zinazojulikana zinazotoa huduma ya bure yenye kasi ndogo au seva chache, zikitegemea wateja wanaolipa. Kabla ya kupakua, angalia haya:

- Jina la kampuni na nchi iliyosajiliwa vinaonekana wazi. Kama hakuna, achana nayo.
- Imekaguliwa na wakaguzi wa nje, na ripoti imewekwa hadharani.
- Haiombi ruhusa zisizohusika. VPN haina kazi na SMS zako wala majina ya watu kwenye simu yako.
- Imepakuliwa Play Store au App Store. Faili la APK lililotumwa kwenye grupu la WhatsApp, hata na mtu unayemfahamu, si mahali pa kuchukulia VPN.

Angalia simu yako sasa

Kwenye Android, fungua Settings, ingia sehemu ya mtandao, tafuta VPN. Kwenye iPhone, ni Settings, kisha General, kisha VPN. Utaona orodha ya VPN zote zilizowekwa. Kama kuna usiyoikumbuka, ifute pamoja na aplikesheni yake. Kama aplikesheni haijulikani kabisa ilikotoka, badilisha na nywila za akaunti muhimu.

Kwa zile zinazobaki, maswali matatu yanatosha kila unapotaka kuwasha: Ninamficha nani, na nini? Mwenye VPN hii ni nani? Na hapa nilipo, sheria inaniruhusu?

Ukikosa jibu la mojawapo, iache imezimwa. Bando lako litadumu zaidi.